Boga la Siku ya Posa

Jumapili, tarehe sita Oktoba, mwaka 2019, ndiyo siku ambayo Liwayway Dimaculangan alitarajia kuposwa, na ndiyo siku ambayo mama yake aliamka akiwa amenuna.

Si kwamba Mama Perlita alichukia wageni. Tangu alfajiri alikuwa amesimama mbele ya jiko, akigeuza tambi kwenye karai pana lililosafiri naye kutoka Batangas, kwao Ufilipino, huku akiwafokea watoto waliokuja kudokoa. Nyumba yao katika mji wa Kalyna, mkoani Manitoba, ilikuwa ndogo na imejaa: baba, mama, bibi, mjomba na mkewe, watoto wa mjomba, na binamu wawili waliolala chumba cha chini ya ardhi wakisubiri kupata nyumba yao. Aliyetaka kuoga alipanga foleni, na aliyetaka kulia alijifungia ndani ya gari. Mama Perlita aliipenda nyumba hiyo jinsi ilivyo. Kilichomnunisha ni upande wa pili.

"Umesema watakuja wangapi?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Watatu, Mama," Liway alisema, akitoa kabatini zile sahani za kioo ambazo hazikuguswa ila wageni walipokuja. "Orest, baba yake, na shangazi yake."

"Watatu! Huo ni ukoo, au ni watu waliokuja kusoma mita ya umeme?"

Baba yake Liway, Rogelio, alicheka kutoka mezani alikokuwa akinyoosha tai yake. "Mama Liway, punguza makali. Mimi nilikuja kukuposa na watu thelathini na nguruwe mzima, na bado baba yako alinikataa."

"Hakukukataa," alidakia bibi, Lola Ising, bila kuinua macho kutoka kwenye karoti alizokuwa akizimenya. "Alimkubali nguruwe kwanza. Wewe ulifuata baadaye."

Wote wakacheka, Liway akiwemo. Lakini mama yake alipunguza moto, akajifuta mikono, akamvuta binti yake pembeni ya friji, mahali pekee ndani ya nyumba ile ambapo watu wawili wangeweza kuzungumza bila wa tatu kuchangia.

"Nisikilize, mwanangu. Kijana ni mzuri, sina neno naye. Lakini siku mkigombana utamkimbilia nani? Ukijifungua, nani atakukanda? Mama yake amekufa. Kaka yake yuko Calgary, hata Krismasi haji. Watu hawa hutawanyika, Liway. Leo yupo, kesho atakwambia, 'Mke wangu, funga mizigo.' Mimi nilishaachana nawe mara moja. Mara ya pili siiwezi."

Jambo hilo lilikuwa kidonda cha zamani ndani ya nyumba yao. Alikuwa na umri wa miaka tisa mama yake alipoondoka kwenda Winnipeg kulea watoto wa watu wengine, na alikuwa binti wa miaka kumi na sita aliposhuka kwenye ndege kumfuata. Pale uwanjani, mwanamke aliyevaa koti zito alimkumbatia akilia, naye Liway, kwa kuchanganyikiwa, alimwamkia: "Shangazi." Neno lile liliwaumiza wote wawili. Hawakuwahi kulizungumzia, lakini lilibaki kati yao kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Kwa sababu hiyo Liway alimwambia Orest waziwazi tangu mwanzo: "Mama yangu asiposema ndiyo, na mimi sitasema. Nampenda mtu huyu niliyemkosa nikiwa mtoto. Siwezi kumpita mlangoni." Na Orest, ambaye hakuwa mtu wa kukimbia masharti, alijibu, "Basi nitapanda ngazi za mama yako mpaka achoke kunifungulia."

Kijana huyo Orest Hnatiuk alikuwa mkulima wa ngano na vilevile dereva wa basi la shule. Miaka sita nyuma basi lile lilikuwa na watoto wanne na mwangwi, na wakubwa wa elimu walikuwa wamekwisha kupanga kuifunga shule. Kisha kiwanda cha nyama kilipoanza kuajiri watu kutoka Ufilipino, nyumba zilizokuwa na mbao madirishani zikapata mapazia, na basi likajaa mpaka watoto wakabanana watatu kwenye kiti. Liway alikuwa msaidizi wa mwalimu wa chekechea. Kila asubuhi aliwapokea watoto mlangoni mwa basi, na kila asubuhi dereva alishuka kumsaidia kufunga vifungo vya makoti ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari.

*

Walifika baada ya ibada. Liway aliwachungulia dirishani. Orest alikuwa amevaa suti ya buluu, nywele zake za rangi ya majani makavu zimelazwa kwa maji. Alipoinua uso na kumwona, masikio yake yakawa mekundu. Nyuma yake alikuja shangazi Olha, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuendesha kwaya, amebeba bakuli mbili za chakula zilizofungwa kwa taulo. Mwisho alikuja baba, Mzee Metro, mrefu, mkimya, kofia mkononi. Mtu ambaye mjini alisifika kwa kupitisha wiki nzima kwa maneno matatu, mawili kati yake akimwambia mbwa.

Lakini siku hiyo Mzee Metro alikuwa amejiandaa. Alisimama juu ya ngazi, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya ukutani:

"Sisi ni wawindaji. Tumetembea mbali. Tumefuata nyayo za mbweha mwenye manyoya ya dhahabu, na nyayo hizo zimeishia kwenye mlango huu."

Rogelio aliwatazama majirani waliokuwa wakichungulia, akashuka ngazi, akainama na kuchungulia uvunguni mwake.

"Ni yule aliyekula kuku wa jirani yetu Procyk?" aliuliza kwa hamu. "Nilijua tu! Mke wangu, leta fimbo!"

"Baba!" Liway alisema kwa aibu, huku Orest akiuficha uso wake kwa kiganja, mabega yakitikisika.

Shangazi Olha alicheka mpaka bakuli zikagongana. "Mbweha ni binti yako, ndugu yangu! Hivyo ndivyo washenga wa kwetu walivyozungumza, enzi za babu zetu. Huyu kaka yangu amekuwa akiyafanyia mazoezi maneno hayo zizini wiki nzima. Ng'ombe wameyakariri."

Hapo barafu ikayeyuka. Orest aliingia, akashika kwa heshima mkono wa Lola Ising na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama Liway alivyomfundisha, na bibi akampigapiga shavu akisema maneno ambayo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Zile bakuli za Olha zilifunguliwa: maandazi laini ya kuchemsha yaliyojazwa viazi na jibini, na nyama iliyoviringwa ndani ya majani ya kabichi. Rogelio alionja andazi moja akisema ni kwa ajili ya usalama wa wageni, akaonja la pili, na la tatu.

Mama Perlita peke yake hakulegea. Aliwakalisha, akawamiminia juisi, kisha akaketi mkabala na Mzee Metro.

"Mzee wangu, nitauliza kwa heshima," alisema. "Ninyi mko wangapi?"

Mzee Metro aliizungusha kofia yake magotini. Liway aliona jinsi swali lile lilivyomwingia, akatamani kumsaidia. Macho yake yalikutana na ya Orest ng'ambo ya meza, na katika mtazamo ule kulikuwa na ombi, na woga, na utamu wote wa asubuhi za vifungo vya makoti.

Mzee Metro alifungua mdomo. Na ni wakati huohuo hasa ambapo Lola Ising, aliyekuwa ametoka kupitia mlango wa nyuma, alirudi akipepesuka kwa uzito wa kitu alichokikumbatia. Lilikuwa boga. Halikuwa boga la kawaida, bali lile kubwa la rangi ya machungwa alilolilea majira yote ya kiangazi, akilifunika kwa blanketi lake mwenyewe kila baridi ilipotishia. Alivuka sebule, akalitua kwenye mapaja ya Mzee Metro, akarudi nyuma akitabasamu kwa meno yake yote yaliyobaki.

Shangazi Olha alifanya ishara ya msalaba.

Mzee Metro alilitazama boga kwa muda mrefu. Uso ulimpauka, ukawa mwekundu, ukapauka tena. Kisha alisimama, kofia kichwani, boga kifuani.

"Asanteni," alisema. "Tumeelewa."

Akatoka. Olha akamfuata, ameinamisha kichwa, na Orest nyuma yake. Chakula kilibaki mezani kikifuka moshi, sahani za kioo hazijaguswa. Liway alimkimbilia Orest, akamkuta kwenye ngazi ya mwisho. Shangazi yake alikuwa amekwisha kumnong'oneza jambo, na uso wa kijana ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

"Orest! Mnakwenda wapi?"

"Ungeniambia wewe mwenyewe, Liway," alisema taratibu. "Ungeniambia kwenye basi, tukiwa wawili. Si kumfanyia baba yangu vile mbele ya watu."

"Kufanya nini? Nani amefanya nini?"

Lakini gari lilikuwa limewashwa. Liliondoka, na kwa dirisha la nyuma Liway aliliona boga la bibi yake limekaa kwenye kiti, limefungwa mkanda.

Ndani, Mama Perlita alikuwa amesimama mbele ya chakula kizima kisichoguswa. Katika nyumba ile hakukuwa na tusi zito kuliko hilo.

"Hawakula," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Nimeuliza swali moja tu, wakachukua boga letu, wakaondoka. Hata juisi hawakumaliza! Wametukataa, Liway."

*

Jumatatu asubuhi dereva wa basi hakushuka. Alitazama mbele kama mtu aliyechongwa kwa mbao. Watoto walipita mmoja mmoja, wakimkodolea Liway macho.

"Mwalimu, Bwana Orest anaumwa?" aliuliza binamu yake mdogo.

"Anaumwa ukaidi," Liway alijibu kwa sauti ya kusikika vizuri.

Siku nzima aliwafundisha watoto rangi, na kila rangi aliyoinua ilikuwa ya machungwa. Saa ya kwenda nyumbani ilipofika, badala ya kuwapungia mkono, alipanda basi, akaketi kiti cha mbele kabisa, nyuma ya bega la dereva.

"Wafanyakazi wa shule hawaruhusiwi kupanda," Orest alisema bila kugeuka.

"Niteremshe, basi."

Hakumteremsha. Basi liliacha mji, likapita mashamba yaliyovunwa, likiwashusha watoto kituo kwa kituo. Waliobaki walisogea viti vya mbele ili wasikie vizuri. Wa mwisho alishuka shingo upande, kana kwamba ametolewa katikati ya sinema. Mlango ulipofungwa, Liway alianza.

"Mama yangu amepika tangu alfajiri! Bibi yangu ameacha kulala! Ninyi mnakuja, mnasimama, mnaondoka bila kutia hata tonge mdomoni! Watu gani ninyi?"

"Watu waliofukuzwa!" Orest alikanyaga breki, basi likasimama kando ya njia. "Ulitaka tule nini, Liway? Bibi yako ametupa boga!"

"Ndiyo, amewapa boga! Boga lake kubwa kuliko yote! Mimi mwenyewe mjukuu wake, nililigusa mwezi wa nane akanipiga kofi mkononi!"

Orest akageuka kwa mara ya kwanza. "Sasa kwa nini akatupa sisi?"

"Kwa sababu kwetu mgeni haondoki mikono mitupu! Na mgeni anayetaka kuwa ndugu hupewa kilicho bora. Wewe unadhani kwa nini?"

Kijana alimtazama, mdomo wazi. Akavua kofia yake. Akaivaa tena.

"Liway," alisema polepole, "kwetu, tangu huko walikotoka babu zetu, binti akimkataa mposaji hasemi hapana. Anampa boga. Mposaji analibeba mpaka kwao, kila mtu njiani anaona, habari imekwisha."

Nje upepo ulipita kwenye mabua ya ngano. Liway alihisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni. Alijaribu kukizuia kwa heshima ya siku mbili za machozi, akashindwa. Alicheka hadi akashika kiti, na Orest akacheka akiwa ameegemea usukani, mpaka honi ikalia yenyewe na kunguru wakaruka shambani.

"Sikupata usingizi," Orest alisema hatimaye, akipangusa macho. "Nililala chumba kimoja na lile boga. Baba alikataa nilitoe nje lisipate baridi."

"Na mimi nilikuwa naandaa maneno ya kukutukana. Nilikuwa nimefika mbali."

"Nitukane kidogo, yasipotee bure."

"Ng'ombe wako wana adabu kuliko wewe."

Orest aliunyoosha mkono juu ya kile kiegemeo cha kiti, naye Liway akaushika. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kazi na vya moto.

"Twende kwa baba yako," Liway alisema. "Mimi ndiye nitakayemwambia."

*

Nyumba ya akina Hnatiuk ilikuwa na ghorofa mbili, vyumba vingi, na saa ya ukutani iliyosikika kila pembe. Mzee Metro alikuwa ameketi jikoni, na mbele yake juu ya meza, kama mgeni aliyekuja kwa jambo zito, lilikuwa lile boga.

Alimsikiliza Liway mpaka mwisho. Kisha akakiweka kiganja juu ya boga, taratibu, kama mtu anavyomgusa ndama aliyezaliwa sasa hivi.

"Kwa hiyo hii si hapana?"

"Ni ndiyo ya bibi yangu, Mzee. Na unaona ilivyo kubwa."

Mzee Metro alitikisa kichwa. "Mimi niliwahi kupewa moja, ujanani. Na binti wa mwenye kinu. Nikalibeba barabara kuu yote, wanaume wakitoka kwa kinyozi na povu usoni wanicheke. Msichana mmoja tu alivuka barabara akanishikia upande wa pili." Alinyamaza. "Huyo ndiye mama yake Orest."

Orest alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo. Alimtazama baba yake kana kwamba amemwona mtu mpya akiingia.

Liway alisimama, akaenda ukutani kulikokuwa na picha ya zamani. Mwanamume mwenye masharubu, mwanamke mwenye kitambaa kichwani, na watoto, watoto, watoto, wamepangwa kwenye ngazi za mbele za nyumba hiihii, mkubwa amempakata mdogo, bibi kizee amekaa kwenye kiti pembeni. Alipumua kwa nguvu. Ungewabadilishia nguo tu, wangekuwa watu wa nyumbani kwake wakisubiri bafu.

"Hao ni babu na bibi yangu," Mzee Metro alisema nyuma yake. "Babu alikuja peke yake kwanza, kukata miti. Miaka mitano. Bibi alipomfuata na mtoto wao mkubwa, yule aliyesimama kulia, mtoto alijificha nyuma ya sanduku. Hakumjua baba yake. Mwaka mzima alimwita 'bwana.'"

Liway aliendelea kumtazama yule mtoto wa kulia, hadi picha ikafifia machoni pake.

*

Jioni ileile, jua likiwa bado madirishani, Liway alimkuta mama yake akiviringa sambusa nyembamba za nyama, kwa hasira, kana kwamba kila moja ina jina la mtu. Alinawa, akaketi, akaanza kuviringa naye, akamweleza habari ya boga. Mama Perlita alisikiliza, kwanza kwa uso wa jiwe, kisha pembe za midomo zikaanza kucheza, na ilipofika boga kufungwa mkanda wa gari aliinamia meza akacheka bila sauti.

"Mama yangu!" aliita. "Lola Ising! Umemfukuza mkwe!"

"Nimempa chakula!" bibi alijibu kutoka chumbani. "Kama watu wao hukataana kwa chakula, wakipendana hupeana nini? Njaa?"

Lakini kicheko kilipotulia, Mama Perlita alitikisa kichwa. "Bado wako watatu, mwanangu."

Ndipo Liway, macho yakiwa kwenye sambusa, akamsimulia ile picha. Akamsimulia yule mtoto aliyejificha nyuma ya sanduku. Mikono ya mama yake ilisimama.

"Alimwita 'bwana'?"

"Mwaka mzima, Mama."

Mama Perlita aliichukua sambusa, akaiweka chini, akaichukua tena.

"Wewe uliniita shangazi miezi mitatu tu," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya msichana. "Nilikuwa namwambia Mungu, ukinipa siku moja aniite mama, sitamwachia tena mtu yeyote."

"Nilikuwa najua ni wewe, Mama. Nilijua tangu uwanjani. Nilikuwa naogopa nikikuita, utaondoka tena."

Wakaiacha meza ile na unga wake, wakakumbatiana, alama za mikono myeupe zikibaki migongoni mwao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kile kiti kilichokuwa kati yao kukaliwa.

"Waambie waje Jumapili," mama alisema, akijipangusa kwa aproni. "Sijasema ndiyo. Nimesema waje. Na atakayesimama kabla sahani yake haijaisha, namfungia mlango kwa nje."

*

Jumapili iliyofuata, wakati wa sikukuu ya mavuno, wawindaji walipanda ngazi mara ya pili. Walikuwa watatu vilevile. Orest alikuwa na suti ileile, masikio mekundu yaleyale. Shangazi Olha alikuwa amebeba sufuria, na alipoifunua, harufu ya maziwa na mdalasini ilijaza sebule. Ndani mlikuwa na uji mzito wa boga, wa rangi ya machungwa.

Lola Ising aliinama juu ya sufuria, akalitambua boga lake, akashika moyo. Alionja. Akaonja tena. Kisha akamwuliza Liway swali, naye Liway akalitafsiri huku akicheka.

"Bibi anauliza: kwenu, mposaji akilila lile boga, maana yake ni nini?"

Shangazi Olha alimtazama kaka yake. Kaka yake alimtazama Olha.

"Hatujui," Olha alikiri. "Hakuna aliyewahi kurudi nalo."

Mzee Metro alibaki amesimama. Safari hii hakusoma ukutani. Alimgeukia Mama Perlita.

"Mama Liway, uliniuliza tuko wangapi. Ni swali la haki, sikulijibu. Wetu wengine wako makaburini pale kanisani, wengine Calgary, wengine Vancouver. Nyumba yangu ilijengwa kwa watu wengi, na leo tunasikiliza saa. Huyu kijana hatakwenda popote; ana ngano, na ana basi zima la watoto wenu." Akasogea hatua moja. "Lakini mimi sikuja kuchukua mtu hapa kwenu. Nimekuja kuomba tuhesabiwe pamoja nanyi."

Akatoa mfukoni kifurushi cha karatasi, akamkabidhi Lola Ising kwa mikono miwili. Zilikuwa mbegu za boga, zimekaushwa vizuri karibu na jiko.

"Kuna bustani ya marehemu mama yangu nyuma ya zizi," alisema. "Haijalimwa tangu alipotutoka. Udongo ni mweusi. Akipenda, ni yake."

Lola Ising hakungoja tafsiri. Alizitia mbegu kifuani mwake, akaketi karibu na Mzee Metro, akavuta kiti chake kimguse. Kwa upande wake, posa ilikuwa imekwisha kujibiwa.

Watu wote wakamgeukia Mama Perlita. Liway alihisi mkono wa Orest ukitafuta wake nyuma ya mgongo wa kiti, akaushika kwa nguvu zake zote. Mama yake aliitazama kofia ya yule mzee, akaitazama sufuria, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, mtazamo wa mtu anayepima umbali kutoka mlango huu hadi nyuma ya lile zizi, na kuuona unatembeka.

"Liway," aliita, "toa sahani. Chakula kinapoa."

Liway aliachia ule mkono, akaenda kabatini. Alizishika zile sahani za kioo.

"Siyo hizo!" mama yake alimfokea, akielekeza kijiko kwenye rafu ya sahani za plastiki zilizokwaruzika, zile za kila siku. "Hizo ni za wageni. Kwani wewe unamwona mgeni hapa?"

Orest ndiye aliyezipokea zile za plastiki, kwa sababu Liway hakuweza kuona vizuri kwa machozi. Akazipanga mezani moja baada ya nyingine, na mjomba akalazimika kuleta ndoo mbili na kiti cha bustani ili kila mtu apate pa kukaa.

Nawe uliyeketi nasi mpaka sahani hizi zikapangwa, usiifungie habari hii ndani. Mpe dada yako, mpe jirani yako aliyehamia juzi na ambaye bado hujamjua jina; na ukimpelekea pamoja na boga, mweleze kwanza maana yake.